Namna ya kuishi na simu kwenye mahusiano bila kuharibiana siku

Ukikaa ukasikiliza wapenzi wanavyogombana siku hizi utaona maneno mengi yanazunguka simu. Umesoma mbona hujajibu, huyo aliyekutumia kopa ni nani, ulikuwa hewani saa saba usiku unaongea na nani, kwa nini umelaiki picha ya yule, mbona hujawahi kuniposti hata siku moja. Wivu upo tangu enzi na enzi, hilo halijabadilika, ila zamani mtu alikuwa mpaka aone kwa macho yake au aambiwe na mtu ndio aanze kuuliza maswali. Sasa hivi kila mtu ana vialama vidogo vidogo mkononi mwake masaa ishirini na nne na anavisoma anavyotaka, akiwa na furaha anavisoma vizuri, akiwa na hofu anavisoma vibaya.

Mimi msimamo wangu kwenye hili ni mmoja. Sheria za simu zisemwe kwa mdomo na zisemwe mapema, kabla mtu hajakosea. Kwa sababu kinachoumiza wengi ni hiki, kila mtu anaingia kwenye uhusiano na sheria zake kichwani, hajamwambia mwenzake hata moja, halafu siku mwenzake akizivunja anamhukumu nazo kana kwamba zilisainiwa. Huyu kwake kutojibu meseji masaa matatu ni kawaida kabisa, yule kwake ni dharau, na wote wawili wanaamini wanachokijua wao ndio akili ya kawaida ya kila mtu.

Kwa hiyo tuanze na hapo.

Jinsi ya kuanzisha hayo maongezi

Chagua siku mko vizuri. Hili ndio la kwanza na watu wengi wanalikosea, wanasubiri mpaka kuna kitu kimetokea ndio wanataka kuweka utaratibu, sasa hapo utaratibu wowote utakaousema utasikika kama adhabu. Na usiandike meseji ya "tunahitaji kuongea" halafu ukakaa kimya mpaka jioni, unamtesa mwenzio mchana kutwa bure, akifika hapo tayari amejiandaa kujitetea. Sema tu mkiwa mmekaa, kitu kama "hivi kuna jambo nataka nikuulize, hakuna aliyekosea, nataka tu nijue wewe unapenda iweje". Basi. Hiyo "hakuna aliyekosea" isemwe kabisa maana bila hiyo mtu anaanza kupekua kichwani amefanya nini.

Halafu uliza wewe kwanza usikilize, usianze kwa kutangaza unavyotaka wewe. Uliza ukimwandikia akiwa kazini anajisikiaje, anapenda kujibu papo hapo au anapenda kujibu akitulia. Uliza usiku je, kuanzia saa ngapi anaona simu imeshakuwa kero. Uliza picha zenu anapenda zionekane wapi na zisionekane wapi. Uliza kuhusu wale wa zamani, wapo bado kwenye simu yake, wanasalimiana, na wewe wa kwako je. Uliza kama angependa ujue neno lake la siri au hapana na kwa sababu gani. Sio lazima yote yaishe siku moja, na sio kila jibu litakupendeza, ila jibu ambalo halikupendezi umeambiwa usoni mkiwa mmetulia ni afadhali mara nyingi kuliko kuligundua mwenyewe saa sita usiku.

Kuna watu wataniambia mapenzi hayana mambo ya kukaa vikao, mapenzi ya kweli mtu anajua tu mwenzake anataka nini. Hapana jamani. Simu ya mkononi yenye haya mambo yote ni kitu cha juzi tu, WhatsApp yenyewe imeanza 2009, wazazi wetu walioana bila tiki za bluu kwa hiyo hakuna mtu mzima aliyetufundisha haya tukiwa wadogo. Tunajifunza wenyewe tukiwa ndani ya uhusiano. Sasa kama hamuongei mtajuaje?

Tiki za bluu na huku kusubiri jibu

Hapa nataka nikae kidogo maana ndipo pana maumivu mengi ya bure.

Kwanza elewa ile kitu inavyofanya kazi. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwako, haujafika kwenye simu yake. Inaweza kuwa simu imezimwa, hana bando, hana mtandao, au ndio amekubloki, yote hayo yanaonekana sawasawa kwa hiyo usirukie la mwisho. Tiki mbili za kijivu umefika kwenye simu. Zikiwa bluu, amefungua. Tiki za bluu zililetwa Novemba 2014 na watu walilalamika mpaka wakaletewa namna ya kuzizima, ukizizima na wewe huoni za wenzako, na hata ukizizima bado kwenye magrupu zinaonekana, pia ukisikiliza ujumbe wa sauti aliyetuma anajua umesikiliza. Kwa hiyo mtu ambaye hana tiki za bluu sio lazima ana siri, wengine wamezizima kwa sababu ya bosi, wengine kwa sababu ya ndugu wa kuomba hela, wengine wanataka tu kusoma bila presha.

Na ile "hewani" nayo. Inamaanisha programu imefunguliwa kwenye simu yake na ina mtandao, hakuna zaidi ya hapo. Haisemi anachati na nani. Anaweza kuwa anasoma grupu la kazini, anaweza kuwa anasikiliza sauti ya dakika kumi ya dada yake, anaweza kuwa ameifungua na ameshika simu anafikiria mambo mengine kabisa. Kukaa unamwangalia mtu hewani, ametoka, amerudi, ametoka, ni kazi inayochosha roho na mwisho wake huna ulichojua. Toka 2022 unaweza hata kuficha hiyo hewani, na ile mara ya mwisho kuonekana nayo inafichika, kwa hiyo kama ni kitu kinachowagombanisha kila wiki mnaweza kukubaliana nyote wawili mzime. Wengine watasema kuzima ni kukimbia tatizo. Mimi naona kama taarifa yenyewe haina maana na inaleta ugomvi basi sio taarifa ya kuwa nayo.

Sasa angalia hii. Dada kafika safari yake, kaandika "nimefika salama". Jamaa yuko kwenye kikao, kaichungulia chini ya meza, kafurahi, moyo umetulia, kaweka simu mfukoni, kwake jambo limeisha vizuri maana hakuna swali aliloulizwa. Dada kule anaona bluu, anasubiri, dakika ishirini, saa, masaa mawili, hakuna hata "asante Mungu", hakuna "umechoka?", hakuna kitu. Jioni anapigiwa anapokea kwa sauti ya baridi, jamaa anashangaa, anauliza kuna nini, anaambiwa hakuna kitu. Hapo hakuna aliyefanya ubaya. Kwa jamaa ule ujumbe ulikuwa taarifa, kwa dada ulikuwa mlango. Na kesho yake wakiendelea hivyo hivyo dada ataacha kusema amefika na jamaa atalalamika haambiwi kitu.

Dawa yake ni mkubaliane vitu viwili vidogo. Kimoja, ukiwa bize jibu kwa alama, emoji moja inatosha, moyo au dole gumba, kumaanisha nimeona nitakujia baadaye. Kuweka riaksheni juu ya ujumbe ni kubonyeza kwa sekunde moja, hakuna kikao kinachozuia sekunde moja. Cha pili, jambo la haraka lipigiwe simu. Yani mkubaliane kabisa kwamba kama ni dharura sitaandika, nitapiga, na wewe ukiona nimepiga mara mbili mfululizo pokea hata kama uko wapi. Mkishakuwa na hilo ujumbe wa kawaida unapoteza ile presha yake, kwa sababu wote mnajua kingekuwa kikubwa angepiga.

Na wewe unayeandika, andika unachotaka. Kama unataka jibu uliza swali. "Nimefika, nipigie ukitoka" inaeleweka kuliko "nimefika" halafu kununa.

Neno la siri na kukagua simu

Hili watu wanabishana sana. Kuna kambi inasema kama huna cha kuficha nipe simu nione, na kuna kambi inasema simu yangu ni yangu usiguse. Mimi niko hivi, kujua neno la siri la mwenzako kwa ajili ya dharura ni sawa kabisa, mtu akianguka ghafla, akiumwa, unahitaji kumpigia ndugu yake, uweze kufungua. Hata kumwambia "nisomee hiyo meseji naendesha" ni raha ya kuaminiana. Ila kukagua, yani kuchukua simu ya mtu akiwa bafuni au amelala ukaanza kupanda juu kwenye meseji zake za miezi, hilo nalipinga hata kama mmeoana.

Sababu yangu ya kwanza watu huwa hawaifikirii. Ndani ya simu ya mpenzi wako hamna maisha yake peke yake. Kuna rafiki yake ambaye ndoa yake inayumba amemwandikia usiku anaomba ushauri, kuna mdogo wake aliyemwambia majibu ya hospitali, kuna mfanyakazi mwenzake aliyelalamika kuhusu bosi. Hao wote waliandika wakiamini wanasomwa na mtu mmoja. Ukisoma wewe umeingia kwenye siri za watu watano ambao hawajakukosea kitu, na kesho ukikutana na huyo rafiki utamwangalia tofauti.

Ya pili, kukagua hakuleti amani unayoitafuta. Usipokuta kitu utasema amefuta. Na ni kweli anaweza kufuta, WhatsApp ina ujumbe unaojifuta wenyewe toka Novemba 2020, toka 2023 kuna namna ya kufungia chati moja kwa neno lake la siri ikajificha. Mtu aliyeamua kuficha ana vifaa vya kutosha. Kwa hiyo simu safi haimaanishi moyo safi, na wewe utarudi kukagua tena wiki ijayo, na ijayo.

Basi ufanye nini ukiwa na wasiwasi? Sema ulichokiona, tofautisha na unachokihisi, halafu uliza. Mfano, "wiki hii naona simu ukiipata tu unaigeuza chini, na jana ulitoka nje kuongea, mimi nimeanza kuogopa, kuna kitu natakiwa nijue?" Hapo umesema mambo mawili yaliyotokea kweli, umesema hali yako, umeuliza. Hujamwita mwongo, hujataja jina la mtu. Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Angalia anajibu vipi, anajaribu kukutuliza au anakugeuzia kibao uonekane wewe ndio kichaa. Hilo jibu litakuambia mengi kuliko simu yake.

Na kama wewe ndiye unayeulizwa, usijibu kwa "kwani huniamini". Hilo swali halina jibu zuri, akisema nakuamini unamwambia basi acha, akisema sikuamini mmegombana. Jibu kilichoulizwa. "Nilitoka nje kwa sababu kaka ana shida ya hela na hakutaka mtu asikie" ni sentensi moja na imemaliza usiku mzima wa maneno.

Laiki, wa zamani, na kupostiana

Kitufe cha laiki Facebook ilikileta Februari 2009 na toka hapo binadamu tumepata kitu kipya kabisa cha kugombania. Ushauri wangu ni kutenganisha vitu ambavyo watu wanavichanganya. Laiki moja kwenye picha inayopita ni kidole tu, wengi wanalaiki hata hawakumbuki. Komenti za kila picha ya mtu mmoja, zenye vimacho vya moyo, hiyo ni kujitangaza mbele za watu na mwenzako ana haki ya kusema hapendi. Inboksi ni jambo jingine kabisa. Mkiviongelea kama kitu kimoja mtabishana mwaka mzima kwa sababu mmoja anaongelea kidole na mwingine anaongelea inboksi.

Kuhusu wa zamani sina sheria moja ya watu wote, wengine wana watoto pamoja na lazima waongee, wengine walibaki marafiki kweli. Naangalia kitu kimoja tu, kufuta. Ukijikuta unafuta maongezi kabla hujafika nyumbani, jibu unalo tayari na wala hauhitaji mtu akuambie.

Kuposti nako. Kuna watu wanaposti mapenzi yao kila kukicha na wana furaha, kuna watu hawajawahi kuposti hata picha yao wenyewe na wanampenda mtu wao kufa. Kutopostiwa peke yake hakusemi kitu. Swali la kujiuliza ni kama unafichwa kwenye maisha yenyewe, marafiki zake wanakujua kwa jina? Ukipiga simu akiwa na ndugu zake anapokea au anakata? Umewahi kufika anapoishi? Kama hayo yote yako sawa na hapendi tu mitandao, mwache. Kama hayo yote hayako sawa basi hata akikuposti kesho hujapata kitu.

Kabla ya kuposti picha yenye mwenzako ndani mwoneshe kwanza. Kila mara. Hata kama wewe unaona ametoka vizuri. Picha ya mtu amelala, picha ya mtu anaumwa, picha ya mtoto wenu, hizo uliza mara mbili, na akisema hapana ni hapana bila kununa.

Na vijembe vya stetasi, acheni. Umegombana na mtu wako asubuhi, saa nne unaweka maneno ya mafumbo kuhusu watu wasio na shukrani, shangazi ameona, wafanyakazi wenzake wameona, mpenzi wake wa zamani ameona na amefurahi. Stetasi inakaa masaa 24, skrinishoti inakaa milele. Nyie mtapatana jioni mtasahau ila shangazi hatasahau, atamwangalia huyo mwenzio kwa jicho hilo hilo miaka.

Filamu, video fupi na ile saa ya jioni

Hapa tatizo ni la burudani na ni tatizo halali, kwa sababu hizi programu zimetengenezwa zisikuachie. Ile kushuka chini bila mwisho kwenye skrini ilibuniwa 2006 na mtaalamu wa programu Aza Raskin, na yeye mwenyewe baadaye amejitokeza hadharani kusema anajutia ilivyokuja kutumika. Netflix nao walianza kutoa sizoni nzima siku moja kwa tamthilia zao wenyewe, episodi ikiisha nyingine inaanza yenyewe hata hujafikiria. Kwa hiyo mpenzi wako akisema "hii moja tu nalala" na akakaa mpaka saa nane hajakudharau, kuna mashine imepangwa kumshikilia. Lakini hiyo haimaanishi mkae hivyo hivyo. Ingieni kwenye mipangilio mzime ile ya kujianzisha yenyewe, ipo. Simu za Android na iPhone toka 2018 zina sehemu ya kuweka kikomo cha muda kwa kila programu, kila mtu aweke chake mwenyewe, usimwekee mwenzako kama mtoto.

Tamthilia mnayoiangalia pamoja iwe ya pamoja kweli, usitangulie. Inaonekana ni kitu kidogo lakini mtu aliyekusubiri wiki nzima mwangalie wote akigundua umeshamaliza anaumia, anaona ule muda wenu kwako haukuwa na thamani. Kama huwezi kuvumilia tafuta nyingine ya peke yako, hakuna kosa. Na wala sio lazima mpende vitu vinavyofanana, huyu mpira huyu muziki huyu vichekesho, mtu anaweza kukaa pembeni yako anasoma yake na mko pamoja kabisa.

Kinachoua ni kile kingine. Mmekaa wawili, mmoja ananyanyua simu anasema "hebu ona huyu mtoto anavyocheza", mwenzake anasema "mh" bila kunyanyua macho. Aliyeonesha anarudisha simu taratibu, anacheka kidogo peke yake. Hakuna ugomvi, hakuna aliyesema neno baya, ila hebu fikiria hiyo mara nne kwa jioni moja kwa miaka mitatu. Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman alifuatilia wanandoa wapya na akaangalia hivi vijiito vidogo, mtu akimwita mwenzake kwa jambo dogo anaitikiwa au anapuuzwa. Baada ya miaka 6, waliokuwa bado pamoja walikuwa wameitikiana kwa wastani mara 86 kati ya 100, walioachana mara 33. Sio lazima ucheke na video yenyewe. Nyanyua macho, angalia sekunde kumi, sema neno. Hata video anazokutumia mchana ukiwa mbali ni kitu hicho hicho, anakuita, kwa hiyo usiziache zikajazana ishirini bila kufungua hata moja.

Kwa saa ya jioni mimi napendekeza mkubaliane muda mfupi unaotekelezeka, wakati wa kula na nusu saa baada yake simu ziko chumba kingine. Usianze na "kuanzia leo hakuna simu nyumbani", itafika siku ya tatu itakufa. Na mtu akisema hawezi kuweka simu mbali kwa sababu mama yake mgonjwa anaweza kupiga, ana hoja, ila hilo lina dawa, washa ile ya usisumbuliwe halafu ruhusu namba chache za muhimu zipite, simu karibu zote zinaweza. Usiku chajini mbali na kitanda, na mnunue saa ya kengele ya kawaida ili isiwe sababu.

Mkigombana msigombane kwa kuandika

Hili fupi. Ukiona meseji ya tatu imezidi urefu wa ile ya pili, acha kuandika. Andika tu "hii tuiongee, naomba nikupigie saa mbili" na upige kweli saa mbili. Maandishi hayana sauti, "sawa" ya kawaida na "sawa" ya hasira zinafanana herufi kwa herufi. Sauti za kurekodi ni afadhali kidogo lakini zile za dakika saba ni hotuba, mwenzako hawezi kukukatiza hata pale ambapo hujaelewa. Unaweza kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 na unaweza kufuta kwa wote, ila ukifuta kinabaki kile kibandiko kinachosema ujumbe umefutwa na hicho kinamtesa mtu kuliko ujumbe wenyewe. Ukifuta mwambie kulikuwa na nini.

Pale ambapo sio suala la simu tena

Yote niliyosema juu ni ya watu wawili wanaopendana wanaokosana kwa bahati mbaya. Kuna hali nyingine, na naomba usizichanganye. Mtu anayedai umtumie lokesheni ya moja kwa moja siku nzima, anayekulazimisha kupiga video ukiwa kazini kuthibitisha uko wapi, anayesoma meseji zako na kujibu kwa niaba yako, anayekufutia marafiki, anayetishia kusambaza picha zako. Huyo usikae naye kikao cha tiki za bluu. Huyo anataka kukutawala na ukimpa neno la siri ataomba lingine.

Kama unahisi mtu anajua mambo ambayo hukumwambia, anza kuangalia. Kwenye WhatsApp fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, mtu aliyeshika simu yako dakika moja anaweza kuiunganisha na kompyuta yake akasoma kila kitu kutoka alipo, ukiona kifaa usichokijua kitoe. Weka uthibitishaji wa hatua mbili, yani namba ya siri ya tarakimu 6. Badilisha neno la siri la baruapepe kwanza kabla ya vingine maana kwa baruapepe vingine vyote vinafunguka. iPhone toka 2022 ina kitu kinaitwa Safety Check kwenye upande wa faragha, inakuonesha nani anaona lokesheni yako na picha zako na unaweza kukata vyote kwa mpigo. Ila tahadhari, kama mtu mwenyewe ana historia ya kupiga au kutishia, atagundua umekata na anaweza kuwaka. Kwanza mwambie mtu unayemwamini, uwe na sehemu ya kwenda, na utumie simu ya mtu mwingine kupanga hayo.

Kwa waliotishiwa picha za faragha, ipo tovuti inaitwa StopNCII.org, ilianza mwishoni mwa 2021, ni ya watu wazima wa miaka 18 na kuendelea. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako, inatengenezwa alama yake ya kidijitali na mitandao iliyojiunga inatumia hiyo alama kuizuia isipostiwe huko. Usimlipe anayekutishia, akishalipwa anajua unalipa. Hifadhi skrinishoti za vitisho vyenye tarehe na jina la akaunti kabla hujambloki, zitahitajika ukienda kushtaki.

Mkiachana

Mkiachana kwa amani bado kuna usafi wa kufanya na watu wanausahau, halafu miezi sita baadaye unakuta picha zake mpya zinaingia kwenye albamu mliyokuwa mnachangia. Kaeni siku moja, hata kwa simu, mpitie pamoja. Lokesheni zizimwe pande zote mbili, albamu ya pamoja ifungwe kila mtu achukue nakala zake, vifaa vilivyounganishwa vitolewe, maneno ya siri yabadilishwe hata kama unamwamini. Kama kumwona kwenye simu kunakuumiza mnyamazishe, kunyamazisha hajui na haimuumizi, kubloki ubaki nako kwa yule anayekusumbua. Picha za faragha zifutwe na kila mtu amwambie mwenzake amefuta, pamoja na zile zilizojihifadhi zenyewe kwenye wingu maana ukifuta kwenye simu pekee wakati mwingine kule zinabaki. Na ile akaunti ya filamu mliyokuwa mnalipia wote, semeni nani anabaki nayo na tarehe gani mwingine anatoka, na anayebaki afute profaili ya aliyeondoka ili siku atakayokaa na mtu mwingine kuangalia kitu jina la zamani lisitokee kwenye kioo.